Umeme wa gari: usome dashibodi au mita ya pembeni?

Nissan Leaf, gari linalotumia umeme tu, huonyesha kwenye dashibodi umetembea kilomita ngapi kwa uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Namba hiyo ni ya papo hapo na haikugharimu chochote. Tena inakufundisha kuendesha: ukikanyaga kwa nguvu mlimani inashuka, ukiachia mapema kabla ya taa nyekundu inapanda.

Lakini dashibodi inahesabu umeme uliotoka kwenye betri. Wewe unalipia uliotoka ukutani, na sehemu yake hupotea kama joto wakati wa kuchaji. Hapa mita ndogo, inayofungwa na fundi umeme kwenye laini ya kuchajia tu, inaishinda dashibodi kwa mbali. Tuseme umetembea kilomita 210. Dashibodi inasema kilomita 7 kwa uniti, maana yake uniti 30. Mita inasoma 35. Hizo 5 nazo umezinunua kwenye LUKU, yaani mita ya nyumba nzima ya umeme wa kulipia kabla, kwa bei ileile. Anayefanya teksi akipanga nauli kwa hesabu ya dashibodi, anajipunja kila siku, na hilo linaniuma.

Mita pia hutenganisha gari na friji, pasi na pampu ya maji, kazi ambayo LUKU haiwezi.

Kasoro yake? Haijui ulichochaji nje ya nyumbani. Mimi ningeifunga hata hivyo, na kila Jumapili ningeandika daftarini kilomita, uniti za mita, na risiti za vituo vya kuchajia.