Ricoh GR III: kamera isiyovuta, ukitaka karibu sogea mwenyewe

Mama alikipokea, akakigeuza huku na huku, akakipima uzito kiganjani kama anayechagua kitunguu, kisha akanirudishia. "Baba Zuhura, yaani hiki kidude ndicho kilichokula pikipiki?"

Nataka hilo niliweke sawa kwanza. Pikipiki niliiuza kwa sababu mgongo ulishakataa. Kamera ilikuja na chenji. Ni Ricoh GR III, nyeusi, mtumba wa Dar es Salaam, kutoka kwa kijana anayepiga harusi ambaye aliona haimfai kazini. Nilimpa shilingi milioni 2 na laki 1, akaniongezea na betri ya pili. Huu ni mwezi wa kumi na nne ninatembea nayo, hapa Tanga na kila ninakokwenda. Wameshaniuliza wengi kama nao wanunue, basi najibu mara moja kwa wote.

Ni ndogo. Ikiwa na betri na kadi ndani ina gramu 257, inaingia mfuko wa shati, ila shati litalalia upande mmoja. Humo ndani kuna sensa, kile kipande kinachopokea mwanga, ya APS-C yenye megapikseli 24, ukubwa unaoukuta kwenye zile kamera za kuning'iniza shingoni. Lenzi ni moja, haibadilishwi, haivuti, yaani haina zoom. Upana wake ni sawa na milimita 28 kwa hesabu za kamera za filamu, karibu sawa na kile inachokiona simu yako usipoigusa kioo. Hakuna tundu la kuchungulia, hakuna flashi, kioo cha nyuma hakikunjuki. Ukoo wenyewe ni wa zamani, ulianza na GR1 ya filamu mwaka 1996. Hii ya tatu ilitoka 2019, na mwaka 2025 imemfuata mdogo wake, GR IV, ambayo mimi sijaigusa.

Sasa kwa nini mtu atoe milioni 2 apate kitu kinachoona sawa na simu? Ngoja nikupeleke jikoni.

Mama ana picha moja tu ya usichana wake. Amesimama studio, nyuma yake pazia lililochorwa minazi, mkononi kashika redio ambayo si yake. Baada ya hiyo ni harusi, Idi, harusi, pasipoti saizi, harusi tena. Miaka yote hiyo amekuna nazi karibu kila siku ya Mungu, na hakuna hata mmoja wetu aliyempiga picha akikuna. Nani apige picha ya mtu anayekuna nazi?

Jiko letu lina mlango mmoja tu, unaotazama uani. Kuanzia saa nne asubuhi mwanga unaingia kwa kuinama, unagusa sinia, magoti na mikono, kisha unaishia hapo. Ukuta wa nyuma ni masizi matupu. Simu yangu, na si mbaya, ikiliona jiko lile inaingiwa na woga wa giza. Inaangaza kila pembe, masizi yanageuka kijivu, na uso wa mama unapigwa pasi mpaka anafanana na mdogo wake wa mwisho. Hii kamera inayaacha masizi yawe masizi.

Si kwamba inajua yenyewe, lakini. Wiki ya kwanza picha zote za jikoni zilitoka zimepauka na kanga ya mama imeungua, nyeupe pee, maandishi hayasomeki. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Kumbe ni kipimo cha mwanga ndivyo kilivyo, kwa kamera zote: kinataka kila picha iwe na mwanga wa wastani, kwa hiyo kikikuta jiko jeusi kinaongeza, na kikikuta ukuta mweupe wa chokaa kinapunguza. Ndiyo maana ndugu zetu weusi wakisimama mbele ya ukuta mweupe mchana wanatoka kama vivuli. Dawa yake ipo kwenye kidole gumba: kile kigurudumu cha nyuma unakisukuma kushoto mwanga unashuka, kulia unapanda, bila kuingia kwenye menyu. Jikoni kwa mama nashusha mpaka -0.7 au -1. Mbele ya ukuta mweupe napandisha +0.7, nikihitaji na +1. Kitu hicho peke yake kimebadilisha picha zangu kuliko megapikseli zote 24.

Halafu kuna kitufe chenye alama ya ua. Ukikibonyeza, lenzi inakubali kusogea mpaka sentimita 6. Sentimita 6 ni hapa na hapa, unakaribia kuilowesha. Nilipiga mkono wa mama akikamua kifumbu: tui limejitengenezea mfereji kati ya kidole cha kati na cha pete, limeizunguka pete yake ya fedha iliyolika upande mmoja, na chembe moja ya nazi imenasa kwenye kucha. Mama alipoiona akasema, "Mikono imezeeka hii," akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama ninaweza kuitoa kubwa.

Kwa barabarani kamera hii ina ufundi mmoja ambao kijana wa harusi hakuuhitaji na mimi siwezi tena kuishi bila huo. Wanauita *snap*. Unaiambia kamera mapema: fokasi yako iwe mita 2. Basi ukikandamiza kitufe moja kwa moja mpaka chini, haitafuti fokasi, haifikirii, inapiga pale pale kwa umbali ule. Ukiweka tundu la lenzi liwe dogo, f/8, kila kitu kuanzia kama mita 1 mpaka zaidi ya 20 kinakuwa kikali vya kutosha. Mita 2 nilijifunza kwa kitanda: godoro la 5 kwa 6 urefu wake ni pungufu kidogo tu ya hapo. Kwa hiyo nikiwa sokoni Makorora hesabu yangu ni moja, kati yangu na huyu bwana wa dagaa kitanda kinaingia? Kinaingia. Basi. Na kwa jua letu la saa sita kioo huwezi kukisoma vizuri kama simu isiyo na mwanga, hivyo kupiga bila kutazama kioo si mbwembwe, ni lazima.

Hapa ndipo ile ya kutokuvuta ilipoanza kunichoma. Zamani nikisafiri nilikuwa mpiga picha wa dirishani. Basi likisimama Muheza, nakaa kwenye kiti changu, navuta kwa simu, nampiga mwuza machungwa akiwa hana habari. Kwa hii huwezi. Ukimpiga mtu kutoka dirisha la basi anatoka kama nukta yenye beseni kichwani. Kuna namna ya kukata picha ndani ya kamera iwe kama milimita 35 au 50, lakini huko ni kukata tu, megapikseli zinapungua, na mtu bado yuko mbali.

Kwa hiyo ile safari ya Lushoto nilishuka. Konda ametoa dakika tano. Nikamwendea dada mmoja aliyekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya. Machungwa ya Muheza yanaiva yakiwa bado kijani kwa nje, na kisu chake kilikuwa kimenolewa miaka mpaka kimebaki chembamba kama ukuti. Ganda linashuka utepe mmoja, halikatiki, linafika chini linajikunja. Nikamsalimu, nikaagiza manne, nikakaa chini kwa kuchuchumaa.

"Kaka, unanipiga mimi au machungwa?"

"Vyote, dada, ukiniruhusu."

"Machungwa hayana shida. Mimi nikae vizuri kwanza."

Akajifunga mtandio upya, na kufikia chungwa la pili alishasahau kuwa nipo. Nilipiga kumi na moja. Moja ni nzuri: utepe wa ganda hewani, macho yake chini kwenye kisu, na nyuma yake mguu wa konda umeshakanyaga ngazi ya basi. Kamera ilikuwa karibu naye kuliko kitanda na hakuigeukia. Kubwa ya kuningʼinia ingemfanya apozi mpaka basi liniache. Simu nayo, siku hizi mtu akiiona inaelekezwa kwake anauliza unarusha wapi. Hii inaonekana kama kitu cha babu, watu wanaicheka kidogo, halafu wanaendelea na kazi zao.

Usiku ni habari nyingine. Flashi haina, tuseme wazi, na matoleo ya kabla yake yalikuwa nayo. Badala yake sensa inaelea, inafidia mtikisiko wa mkono wako. Kwa muuza supu ya pweza wa mtaani kwetu nimepiga kwa sehemu ya 1/8 ya sekunde, nimeshikilia pumzi tu. Sufuria, taa na bakuli vimetulia kabisa, mvuke umekuwa kama pamba, na mkono unaokata mkia wa pweza umefutika. Kwangu ni raha. Ukitaka watoto wanaocheza uani usiku watulie, hakuna sensa ya kuelea itakayokusaidia, kwa sababu inatuliza mkono wako, haitulizi watoto.

Mabaya yake sasa, na mengine yameandikwa kwenye karatasi yake yenyewe. Betri ni picha kama 200 kwa kipimo cha kiwandani. Ukiwa na moja huna kamera, una ahadi. Afueni ni kwamba inachajiwa kwa waya wa USB-C, pawabenki yako ya simu inatosha, na mimi ndani ya basi huwa naichomeka kama simu. Haina kinga ya maji wala vumbi. Kwa mwenzangu wa Njombe sijui, lakini kwetu kuna chumvi ya bahari, na barabara ya vumbi haiko mbali na mtu yeyote; mimi yangu inalala ndani ya soksi safi, soksi ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa kubana, na siitoi ufukweni upepo wa kusi ukivuma. Video inaishia 1080p, na kwa kweli anayetaka video asipoteze muda wake hapa.

Kadi. Hili si kosa la kamera, ila ukinunua kamera utanunua na kadi, kwa hiyo lipokee. Nilinunua kadi ya 128GB duka moja mjini kwa bei iliyonifurahisha. Picha zote za siku ya pili Lushoto, sokoni na ile njia ya Soni yenye ukungu, zilipotea: majina ya faili yapo, ndani hamna kitu. Kadi feki huandikwa ukubwa ambao haina, inapokea kila unachoipa, na ikijaa kwa ukubwa wake wa kweli inaanza kutupa. Tangu hapo kadi mpya naijaza kwanza mafaili kwenye kompyuta mpaka pomoni, nayafungua moja moja, ndipo inaingia kwenye kamera. Kamera yenyewe ina kumbukumbu ya ndani ya kama 2GB. Ni ndogo, lakini ndiyo iliyoniokolea zile za Muheza, kwa kuwa siku ya kwanza nilisahau kutia kadi.

Nani anunue? Anayepiga mambo ya nyumbani na ya njiani, peke yake, kwa mapenzi yake. Mpiga harusi asinunue. Mpenda ndege na wanyama wa mbugani asinunue, simba atakuwa kama mdudu. Mwenye simu nzuri ambaye picha zake zinaishia WhatsApp abaki na simu yake, atumie hiyo pesa kwenda Pemba akapige kwa simu. Na kama uso wa mtu ndio unaoupenda zaidi kuliko mahali alipokaa, tafuta ile dada yake, GR IIIx ya mwaka 2021, lenzi yake ni nyembamba zaidi, milimita 40.

Mimi siiuzi. Mama sasa ameshazoea. Juzi aliniita mwenyewe akiwa anapepeta mchele, akasema mwanga umekaa vizuri. Ile ya tui niliitoa kubwa, haikutundikwa ukutani. Imelazwa chini ya godoro lake pamoja na ile ya redio.

Ya Muheza nayo niliisafisha saizi ya kawaida, nikaitia kwenye bahasha, nikampa konda yule yule akampe dada wa machungwa. Baada ya siku nne konda akanipigia nikapokee mzigo stendi: mfuko wa machungwa, kama thelathini hivi, na ujumbe wa mdomo. "Anasema asante sana, picha ameipenda. Ila hukumwambia kama ungepiga na miguu, alikuwa na ndala za watu. Anasema Jumamosi urudi, atakuwa amevaa viatu."

Betri zote mbili ziko kwenye chaji.