Wakili aliyeniombea kutangazwa mufilisi: uzoefu wangu

Madeni yalinishinda, nikaamua kuomba mahakama initangaze mufilisi, yaani mtu asiyeweza tena kulipa anachodaiwa. Nilimchagua wakili wa karibu na ninapoishi badala ya zile huduma za mtandaoni zinazokujazia fomu kwa bei chee. Sijutii, ingawa si kila kitu kilinifurahisha.

Kwanza, hakukimbilia kufungua shauri. Kikao cha kwanza kilikuwa maswali matupu: nadaiwa na nani, tangu lini, deni lipi lina rehani na lipi halina. Alizipitia taarifa zangu za benki mstari kwa mstari, na kila akikuta pesa imekwenda kwa ndugu anasimama: "Hii ilikuwa ya nini?" Nikaona ananipekua. Kumbe msimamizi wa mali, yule atakayeteuliwa kushika mali yangu kwa niaba ya wadai, huuliza yale yale. Ukimlipa ndugu ukawaruka wadai wengine, au ukamhamishia mali muda mfupi kabla ya kuomba, mahakama inaweza kutengua na mali ikarudi kwenye fungu la wadai. Kuna mtu alikuwa ameshaninong'oneza niandikishe gari kwa jina la kaka yangu. Wakili alicheka, akasema huko ni kutoka kwenye deni na kuingia kwenye jinai.

Ila ada yake aliihalalisha kwenye suala la mdhamini. Shemeji yangu alinidhamini mkopo mmoja, na wengi wetu hudhani ukishatangazwa mufilisi deni limekufa kwa wote. Halifi. Linakuondokea wewe, mdai anamgeukia mdhamini. Wakili alisisitiza shemeji ajue kabla karatasi haijafika mahakamani, akamwita ofisini. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Nyumba yangu imo?" Wakili akafungua mkataba, akaweka kidole kwenye kifungu: alidhamini kwa saini, hakuweka rehani. Wadai wanaweza kumshtaki, lakini nyumba hawakuwekewa rehani. Hapo hapo wakaanza kupanga barua ya kuomba alipe kwa awamu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni kama mtoto aliyeitiwa wazazi shuleni.

Alinipa pia njia nyingine, ya kukubaliana na wadai niwalipe sehemu kidogo kidogo. Tulipiga hesabu, kipato hakitoshi, tukaachana nayo. Akanionya kwamba matunzo ya watoto na faini za mahakama kwa kawaida hazifutiki, na kwamba mwenye rehani bado ana haki juu ya kile alichowekewa.

Faida ya wakili wa karibu niliiona kwenye suala la muda. Nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba mwaka mmoja unatosha mufilisi kuachiliwa kutoka kwenye ufilisi. Kumbe hiyo ni Uingereza, ambako kwa kawaida ni miezi 12. Kenya ni miaka 3, Australia miaka 3 na siku 1. Habari za intaneti hazikwambii ni za nchi gani, na anayelipia tofauti ni wewe.

Sasa malalamiko. Ada aliyonitajia haikuwa na gharama za mahakama wala pesa ya msimamizi wa mali. Alisema kwa mdomo, kweli, lakini mchanganuo wa maandishi niliupata baada ya kuudai. Simu hapokei; utaongea na karani, na karani naye ana haraka zake. Rasimu ya hati ya kiapo ililetwa huku deni moja limeandikwa mara mbili, na aliyeligundua ni mimi. Anayeapa ni wewe, si wao, kwa hiyo usome kila ukurasa hata kama karani ameshika mhuri anakusubiri. Yangu ilirekebishwa, nikaapa, ikawasilishwa, na wale wakusanya madeni waliokuwa wakinipigia usiku sasa wanaelekezwa kwa msimamizi.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ingekuwa yake kama angekuwa anapokea simu.