Uzoefu wangu na diski tatu za Young Marble Giants

Ukinunua toleo la 2007 la albamu Colossal Youth, lile la diski tatu kutoka kampuni ya rekodi ya Domino, unapata karibu kila kitu walichowahi kurekodi Young Marble Giants. Bendi ilianzia Cardiff, Wales, mwaka 1978, na baada ya miaka michache tu ikavunjika. Walikuwa watatu: Alison Statton mwimbaji, na ndugu wawili, Stuart Moxham kwenye gitaa na ogani, Philip kwenye besi. Mpiga ngoma hawakuwa naye. Midundo ya mashine waliirekodi kwenye kaseti, wakaiwasha jukwaani na kupiga juu yake.

Mimi nimekulia roki ya kelele, gitaa juu ya gitaa. Hii vaa hedifoni ndiyo utaielewa. Stuart analaza kiganja juu ya nyuzi, kwa hiyo kila sauti inakatika papo hapo, tk-tk-tk, na mara nyingi besi ya Philip ndiyo inayobeba tuni. Alison haweki madoido yoyote. Anaimba kama mtu aliye peke yake uani anafua nguo. Utamu uko kwenye nafasi waliyoacha wazi. Hakuna anayemziba mwenzake, unasikia hadi kidole kikitelezea waya. Nyimbo ni 15, nyingi fupi mno, na ikiisha unairudisha mwanzo.

Hiyo ndiyo diski ya kwanza, albamu yenyewe, na peke yake inalipa pesa yako. Ya pili ina santuri zao ndogo na rekodi za majaribio. Humo kuna "Final Day", dakika moja na nusu hivi, kuhusu dunia inavyoteketea kwa nyuklia, na mlio mmoja mwembamba unaoendelea chini ya wimbo mzima. Mpaka leo unanisisimua mwili. Rekodi za majaribio ni za sisi tuliokwisha kuipenda bendi. Mgeni aziruke tu. Ya tatu waliirekodi BBC kwa ajili ya kipindi cha mtangazaji wa redio John Peel, Agosti 1980. Ni fupi lakini safi.

Wengi wamewajua kupitia Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, aliyeipenda sana albamu hii, au kupitia bendi ya Hole, waliorudia wimbo wao mmoja mwaka 1994. Inaniuma wanapotajwa kama kijisehemu cha hadithi ya Nirvana. Kampuni ya Rough Trade iliitoa albamu hii Februari 1980, miaka saba kabla Nirvana haijaundwa!

Ukishaizoea, tafuta Weekend, bendi ya Alison iliyofuata, na The Gist ya Stuart.