Dashibodi ya matokeo ya utafiti: ipi ununue ukiwa Lubumbashi

Kabla ya kutoa hata dola moja kwa dashibodi, yaani ukurasa wa chati na namba za matokeo, azima simu ya mtu atakayesoma matokeo. Tulipomaliza utafiti wa maji kwenye komuni za Katuba na Kenya, hapa hapa Lubumbashi, tulipanga chati kumi na mbili kwenye ukurasa mmoja. Kwenye laptopu zilipendeza. Mama mwenyekiti wa kamati ya maji akafungua linki kwenye simu yake ndogo, akasubiri, akavuta kwa vidole viwili akitafuta mtaa wake, akakuta herufi zimepandana. "Mwanangu, niambie tu: kwetu ni wangapi wanapata maji?" Mega zake (data ya simu) zilikuwa zimekwisha. Tangu siku hiyo zana zote nazipima kwa swali lake.

Nawafikiria wenye shirika dogo, watu watano hadi kumi, wanaododosa kwa KoboCollect, programu ya simu ya kujaza majibu, na kuyatuma KoboToolbox, hifadhi yake ya mtandaoni. Kobo ina mpango wa bure, na simu ya mdodosaji huhifadhi majibu bila mtandao mpaka apate mtandao wa kuyatuma. Ina pia ukurasa wake wa ripoti unaochora chati kwa kila swali. Kwa ukaguzi wa jioni unatosha kabisa. Kwa kumwonyesha mfadhili, hapana.

Nafasi ya kwanza naipa Excel. Huenda tayari ipo kwenye kompyuta yenu, na kuna mtu ofisini anayeijua. Kobo inakupa linki ya kudumu ya majibu. Ukiiunganisha na Excel mara moja, kila asubuhi unabonyeza "Actualiser tout" na majedwali yanajisasisha. Angalia jambo moja lililotula siku mbili nzima: Excel ya Kifaransa hutumia koma kwenye desimali, kwa hiyo 12.5 ya faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) inaweza isisomwe kama namba. Chukua XLSX, faili la Excel yenyewe, na uhakikishe tarakimu hazikuhifadhiwa kama maandishi. Kisha toa PDF ya ukurasa mmoja na uitume WhatsApp. Ikishapakuliwa, inafunguka hata pasipo mtandao.

Ya pili ni Looker Studio ya Google, zamani ikiitwa Data Studio. Ni ya bure, na unaigawa kwa linki kama unavyogawa hati nyingine za Google. Inafaa pale wenzenu wa Kinshasa au Kolwezi wanapotaka kuchagua wenyewe mtaa, umri au jinsia. Majibu yapitishe kwanza kwenye Google Sheets, jedwali la mtandaoni la Google. Ubaya wake ni kwamba kila anayefungua anakula mega, na mtandao ukiwa mzito chati zinachelewa.

Power BI ya Microsoft naiweka ya tatu, ingawa kwa uchambuzi ndiyo yenye nguvu kuliko zote hizi. Programu ya kutengenezea ni ya bure, lakini inaendeshwa kwenye Windows pekee. Gharama inakuja wakati wa kugawa. Leseni ya Pro imepanda kutoka dola 10 hadi 14 kwa mtu kwa mwezi tangu Aprili 2025, na kwa kawaida hata anayetazama tu anahitaji yake. Watu sita ni dola 84 kwa mwezi, yaani 1,008 kwa mwaka. Kwa shirika dogo hiyo ni mishahara ya wadodosaji. Tena Gmail yako haikubaliki, lazima anwani ya kazi. Inunue kama mnafanya tafiti mfululizo na mfadhili ameiandika kwenye bajeti.

Tableau Public inachora vizuri mno, ila unachochapisha huko kinaonekana na dunia nzima. Itumie kwa takwimu ambazo zimeshatangazwa, basi. Metabase ni programu huria na nzuri, lakini inataka seva, yaani kompyuta inayowaka daima kuihudumia, na mtu wa kuilinda. Msipokuwa naye, iacheni.

Zana yoyote mtakayochukua, majina, namba za simu na GPS za nyumba zitoke kabla data haijaingia kwenye dashibodi. Kuficha safu hakutoshi, futeni kwenye nakala hiyo. Congo ina Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 inayolinda taarifa za watu binafsi. Hata bila majina, ukichuja hadi wajane watatu wa barabara moja, jirani atawatambua mara moja. Kikundi kikiwa kidogo hivyo, kiunganishe na kingine.

Na swali la majibu mengi, kama "mnachota maji wapi?", lisichorwe kwa chati ya duara. Familia moja hujibu bomba, kisima na muuzaji wa madumu, hivyo asilimia zinapita 100. Weka nguzo zilizolala, na juu yake uandike idadi ya kaya zilizoulizwa.

Mama mwenyekiti sasa tunamtumia picha moja: jina la mtaa wake, namba moja kubwa, na tarehe. Anaionyesha kwenye mkutano bila kutuita.