Direla ya nyuma ya baiskeli ya mbio: soma mgongo, achana na uso

Ziweke mezani Shimano 105 na Ultegra za gia 11, zote nyeusi, na hata fundi mzoefu atainama kwanza kabla ya kukwambia ipi ni ipi. Direla ya nyuma, kile kifaa kinachouhamisha mnyororo kutoka gia moja kwenda nyingine, ina jina kubwa usoni na namba ndogo mgongoni. Wanunuzi wengi husoma jina. Kitakachoamua kama itafanya kazi kwenye baiskeli yako ni ile namba, na hasa herufi mbili zinazoifuata.

Hili nilijifunza kwa pesa yangu mwenyewe. Nilinunua Ultegra iliyotumika kwa kutazama picha, na picha zote zilipigwa kwa mbele. Muuzaji alisema ni ya gia 11, na hakudanganya. Kaseti yangu, yaani rundo la gia za gurudumu la nyuma, ilikuwa 11-34: gia ndogo kabisa ina meno 11, kubwa kabisa 34. Nilipopandisha mnyororo kwenye gia kubwa kabisa, puli ya juu, kigurudumu chenye meno kinachoongoza mnyororo, ikaanza kusaga meno ya gia, krrr, krrr. Nikakaza skrubu ya B, inayosogeza puli mbali na kaseti, mpaka ikakataa kwenda, na kelele ikabaki palepale. Nikaivua, nikafuta grisi upande wa ndani wa mkono wa direla kwa kidole gumba, na hapo ndipo SS ilipojitokeza.

SS ni mkono mfupi, GS ni mkono wa kati. Mkono ni ile sehemu inayoning'inia ikiwa na puli mbili. Kama herufi zimefutika, pima kutoka katikati ya puli moja hadi katikati ya nyingine: mfupi huwa karibu milimita 55, wa kati hukaribia 75. Kwa 105 RD-R7000 na Ultegra RD-R8000, SS inaishia gia ya meno 30 na GS inafika 34. Matoleo yaliyotangulia, RD-5800 na RD-6800, yanaishia 28 kwa SS na 32 kwa GS. Kwa hiyo hata "GS" peke yake haitoshi. Ya 6800 na ya R8000 zimepishana meno mawili.

Kuna hesabu nyingine, ya mnyororo unaolegea. Chukua tofauti ya gia za mbele, ongeza tofauti ya kaseti. Mbele 50 na 34 ni 16, nyuma 11-34 ni 23, jumla 39. R7000-GS inameza 39 kamili, SS yake inaishia 35. Ukivuka hapo, mnyororo utaning'inia kama kamba ya nguo ukiwa kwenye gia ndogo mbele na ndogo nyuma. Na ukiufupisha ili kuficha ulegevu huo, siku utakayoingia gia kubwa mbele na kubwa nyuma kwa bahati mbaya, direla inaweza kung'oka na kuondoka na hanga, kile kipande kinachoishikilia kwenye fremu.

Sasa, ninavyozipanga kwa mtu mwenye shifta (vibadilisha gia vya kwenye usukani) za Shimano za gia 11 za waya.

Ya kwanza, bila kusita, ni 105 RD-R7000-GS. Inakubali kaseti nyingi ambazo mtu wa kawaida atazihitaji, na inashika shifta za 5800, 6800, R7000 na R8000 bila ugomvi. Ni ya muundo wa Shadow, umbo lililoingia kwenye baiskeli za mbio na Dura-Ace R9100, ya daraja la juu ya Shimano, mwaka 2016: direla imejificha chini ya kaseti badala ya kuchomoza nje, kwa hiyo baiskeli ikianguka upande wa kulia haiwi ya kwanza kugonga lami. Ukitoka kwenye 5800, andaa ganda jipya la waya, maana lile la zamani lilikatwa refu ili lifanye kitanzi kikubwa nyuma. Ukilazimisha kulitumia hivyo hivyo, gia zitakuwa nzito na utailaumu direla bure.

Ya pili ni Ultegra RD-R8000-GS. Kazi ni ileile, uzito umepungua kidogo na umaliziaji ni mzuri zaidi. Ukiipata kwa bei inayokaribia ya 105, chukua. Kulipa ziada kubwa kwa gramu zisizofika 50, mimi siwezi.

Ya tatu ni Ultegra RX, RD-RX800, kwa anayepita njia za mawe na vumbi. Ina klachi inayoubana mnyororo usipigepige fremu, na swichi ndogo ya kuiwasha na kuizima. Kwenye lami tupu hutaona faida yake.

Baada ya hapo ni 5800-GS au 6800-GS zilizotumika, kama kaseti yako haizidi 32. SS yoyote naiweka mwisho, isipokuwa kwa wakimbiaji wa tambarare wanaojua wanachokitaka.

Mwenye gia 10 awe makini na Tiagra, nayo ya Shimano. RD-4700 ni ya gia 10, lakini inavutwa kwa kipimo cha waya cha familia ya gia 11. Ukiifunga kwenye shifta za 4600 au 5700, ambazo nazo ni za gia 10, gia mbili tatu zitaingia vizuri na zinazobaki zitaruka. Cha kushangaza, Sora R3000 ya gia 9 itafanya kazi na shifta hizo, kwa sababu inafuata kipimo cha zamani. Idadi ya gia huhesabiwa na shifta. Direla inafuata waya tu.

105 RD-R7100 ya gia 12 usiichanganye na mfumo wa gia 11. Hiyo inunuliwe pamoja na shifta na kaseti zake.

Ukinunua iliyotumika, omba picha tatu: mgongo wenye namba, upande wa ndani wa mkono, na direla ikitazamwa kutoka nyuma ili uone kama mkono umepinda. Ukiishika mkononi, tikisa mkono wa direla kushoto na kulia. Puli ya juu kucheza kidogo ni kawaida, imetengenezwa hivyo. Mwili mzima ukicheza kwenye maungio, rudisha. Meno ya puli yakiwa yamechongoka kama ya papa, hilo halinitishi: puli mpya hufungwa kwa boliti mbili tu.