Mtungi wa kuzimia moto, wa unga, kilo 6, kwa nyumba za mlimani Mwanza

Kwa nyumba za Igogo au Mabatini, zilizobanana juu ya mawe ambako gari la zimamoto halipandi, mtungi huu ni ununuzi wa maana kuliko ule wa kilo 1 unaouzwa kwa ajili ya magari. Unafaa kwa moto wa mbao, petroli, gesi na umeme.

Dukani usiangalie rangi. Angalia mshale wa kipimo cha presha uwe kwenye kijani, pini iwe na lakiri ya plastiki (ikiwa imefungwa kwa waya, acha), na mpira usiwe na nyufa.

Kutumia: vuta pini, simama mita 2 au 3, elekeza mdomo chini ya moto, minya, fagia kushoto na kulia. Unga huisha kabla ya nusu dakika, kwa hiyo anayelenga juu ya miali ameupoteza bure. Ukiminya hata kidogo tu, peleka ukajazwe: chembe za unga hunasa kwenye vali na presha huvuja polepole, hadi unabaki na chuma kizito cha kuegeshea mlango.

Udhaifu wake? Kikaango cha mafuta; presha huyarusha. Hapo zima jiko, funika na mfuniko. Na kwa nyasi kavu za Julai kati ya mawe hautoshi kabisa. Hizo fyeka mapema, na mkaa usikae ukutani.

Namba ya zimamoto, 114, iandikwe kwenye mtungi wenyewe.