Baada ya kukatwa saratani ya mirija ya nyongo: kidonge au kusubiri?

Jaribio la BILCAP la Uingereza, lililochapishwa 2019, lilihusisha wagonjwa 447 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa mirija au kifuko cha nyongo. Karibu nusu walipewa kapesitabini, kidonge cha kemotherapi: asubuhi na jioni kwa siku 14, mapumziko siku 7, mizunguko minane. Wenzao walifuatiliwa kliniki tu. Kwa kipimo cha kati (nusu huishi zaidi ya hapo, nusu pungufu), wa vidonge waliishi miezi 51, wa kusubiri 36. Kitakwimu tofauti hiyo ilikosa uthibitisho kamili kwa nafasi ndogo, lakini madaktari wengi huandika dawa.

Kusubiri kunakuepusha na kuharisha, na viganja na nyayo kuwaka hadi kuchubuka. Hata hivyo mimi ningemeza, hasa kama seli za saratani zimeonekana ukingoni mwa kipande kilichokatwa, au tezi za limfu zimeshaguswa.